Mbu Ndani ya Kola

Kola iliyokuwa shingoni mwa yule mzee wa Mlimba alipofariki haikuwa na kosa lolote.

Leokadia aliipima akiwa amesimama, akaipima tena akiwa ameketi, kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake la kazi na kuanza upya. Kila alipogusisha ncha ya kipimo kwenye bodi, namba zilikaa zilipotakiwa kukaa. Pampu ndogo ilisukuma maji ya baridi bila kukwama. Betri ilijaa, ikaisha, ikajaa tena. Kwenye kishikizo cha kola zilibaki nywele fupi nyeupe, mbili tatu, na hakupata moyo wa kuzitoa.

Meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi wa kiwanda, penye dirisha linalotazama vilima vya Makambako. Kila kitu kilichorudishwa na wavaaji kililetwa hapo ili atafute kilichokiharibu. Aliipenda kazi ile. Bodi hazikumtaka aongee.

"Kadia, bado unaikodolea macho?" Subilaga alimwita kutoka kwenye laini, bomba la gundi mkononi. "Iandike kuwa nzima, uje unisaidie. Treni haitatusubiri."

"Nakuja."

Hakwenda. Alikuwa anaiwaza nyumba ya Mlimba.

Huko bondeni Mweupe ulikuwa umekaribia. Ndivyo watu wa Kilombero walivyouita msimu ule, kwa sababu mbingu hupoteza rangi na joto halipungui hata jua likizama. Leokadia alikulia Ifakara, na alikumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya kola. Wazee walilazwa barazani juu ya mikeka, wakafunikwa khanga zilizoloweshwa, na mtu mmoja wa nyumba alikesha akizilowesha tena. Kisha zikaja kola. Mzee anaifunga shingoni, inapoza damu inayopanda kichwani, na nyumba nzima inalala. Bibi yake mwenyewe, Bibi Skolastika, alikuwa na moja ya mgao wa wazee, isiyonunuliwa dukani. Aliipenda mno, akasema sasa anaota ndoto za baridi ya Njombe.

Alinyanyua simu na kuipigia zahanati ya Mlimba. Muuguzi aliyepokea alijitaja kuwa Sista Editruda.

"Ndiyo, mimi ndiye niliyeirudisha," alisema. "Mzee tulimkuta asubuhi. Kola ilikuwa imezimika. Wajukuu wawili walilala naye kitanda kimoja, masikini, na hawakusikia kitu."

"Samahani, Sista. Walitakiwa kusikia nini?"

"Si unajua zile za mwanzo zilikuwa na kimbu? Yaani kisauti. Watu waliudhika, wakasema kuna mbu ndani ya kola. Mkazirekebisha. Hizi mpya kwa kweli ni nzuri, zimetulia. Hongereni."

Leokadia alishukuru kwa sauti ndogo na kukata simu. Mkono wake ulibaki juu ya kola.

*

Kiwanda hakikubuni kola. Hakikubuni kitu chochote. Wateja walileta michoro na vipande vyao, nacho kikavipanga kwenye bodi, kikavichomea, kikavipima na kuvifunga kwenye maboksi. Wiki hii bodi za mizani ya chai, wiki ijayo bodi za taa za reli. Juu ya mlango wa ukumbi yaliandikwa maneno ya rangi ya bluu: TUNAJENGA KILICHOCHORWA. Mfanyakazi mpya akiuliza bodi fulani ni ya nini, wenzake walimwonyesha mlango.

Aliifuata laini toka mwanzo, kama alivyofanya siku yake ya kwanza. Mashine ya kupaka ilisukuma uji wa solda ya kuchomelea kupitia bati lenye matundu, na kila doa la shaba likapata tone lake la kijivu. Mashine iliyofuata, ambayo kila mtu aliiita Kuku, ilidonoa vipande kutoka kwenye roli na kuvituliza juu ya matone yale kwa kasi ambayo jicho halifuati. Kisha bodi ziliingia kwenye tanuri, uji ukayeyuka na kung'aa, na zilipotoka upande wa pili kila kipande kilikuwa kimeshika. Hapo ndipo alipokaa Subilaga. Kazi yake ilikuwa kutia tone la gundi nyeupe ya mpira kwenye kipande kimoja tu, kapasita ya kauri iliyo katikati ya bodi.

"Nipe moja kabla hujaitia gundi," Leokadia alisema.

"Unataka kuiposa?"

"Nipe, Subi."

Waliiunganisha na betri ya majaribio, na Leokadia akaanza kupunguza umeme polepole, kama betri inayoishiwa alfajiri. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha, umeme ulipokaribia kiwango cha mwisho, ikaanza sauti nyembamba, yenye kukereketa, ikipanda na kushuka. Subilaga alijipiga kofi shingoni.

"Mbu!" Halafu akaitazama bodi, akacheka. "Kumbe ndiye huyu! Nimemfunga mdomo siku zote hizi na wala sijawahi kumsikia akiimba."

Leokadia hakucheka. Chuoni walifundishwa jambo hili katika somo ambalo wengi walisinzia. Kauri ya aina ile hutanuka na kusinyaa umeme unapoipitia kwa mapigo. Betri ikiwa imejaa, mapigo huwa ya haraka mno, sikio halipati kitu. Betri inapochoka, mapigo hupunguza mwendo mpaka yakaingia katika masafa ambayo binadamu husikia, na bodi nzima hutetemeka kama ngozi ya ngoma. Tone la gundi huishika kauri isitetemeke. Aliichukua bodi nyingine iliyokwisha kutiwa gundi, akaipunguzia umeme vilevile. Pampu ilizunguka, ikazunguka, ikasimama. Kimya.

Kwenye kona ya bodi zote mbili palikuwa na vidoa viwili vya shaba visivyo na kitu. Kwenye kola za madukani, hapo ndipo Kuku alipoweka king'ora kidogo kama punje ya dengu, ambacho hulia betri inapokaribia kwisha. Kwenye kola za mgao mchoro ulisema paachwe patupu. King'ora kinakula betri, mteja alieleza, na bei yake ikijumlishwa itapunguza idadi ya watakaopata. Leokadia alikuwa ameviona vidoa vile kila siku bila kuviwazia. Bodi nyingi huwa na sehemu tupu.

Kwa hiyo mbu yule ndiye aliyekuwa onyo pekee. Hakuna aliyemchora. Alitokea tu. Nao wakamnyamazisha.

Alirudi mezani, akampigia mama yake.

"Mama, usiku wa leo mtu akeshe na Bibi. Msiitegemee kola."

"Kuna nini tena?"

"Nitakueleza. Loweka khanga, Mama. Tafadhali."

Alipokata simu alihisi moyo umetua, na papo hapo akaona aibu kwa kule kutua. Bibi yake angekuwa na mtu macho pembeni yake. Bibi wa nyumba ya pili hakuwa na mjukuu kiwandani wa kumpigia.

*

Injinia Mwalongo, mkuu wa uzalishaji, alikuwa kwenye mlango wa kupakilia akikagua maboksi yaliyopangwa kwenda stesheni. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa anaposikiliza. Ndiye aliyempokea Leokadia kutoka chuoni, na alipogundua kwamba binti huyu hunyamaza kwenye mikutano, akawa anampitia mezani baadaye kumuuliza anaonaje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepata kosa la ile kola?"

"Haina kosa. Kosa ni gundi."

Alimweleza. Mwalongo aliinamisha kichwa mpaka mwisho.

"Ile gundi niliibuni mimi," alisema. "Malalamiko ya mbu yalikuwa mengi. Mteja alitaka kutuhama. Nikakaa na bodi zile mpaka nikapata dawa, akafurahi, akatuongezea kazi." Hakusema kwa majivuno, alisema kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya moto. "Nitamwandikia leo hii."

"Atajibu lini?"

"Mweupe ukiisha, pengine."

"Basi tuziondoe wenyewe, mzee. Kabla hazijaondoka."

"Treni ni saa nane. Inayofuata itakuta joto limeshaingia. Huko chini wako wazee ambao hawana kola kabisa, wanasubiri hizi. Ukizizuia, hao unawaambia nini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa analiogopa. Alitazama viatu vyake.

"Asiye na kola analala akijua hana," alisema. "Wanamlaza barazani, wanamlowesha, mtu anakesha. Mwenye kola, nyumba nzima inamwachia kola. Ikizimika kimya, yuko peke yake kuliko yule asiyekuwa nayo."

Mwalongo alishusha pumzi. "Na hawa wa hapa? Mteja akisema tumechezea bidhaa yake, akaondoka na kazi yake, nusu ya laini hii inakwenda nyumbani. Subilaga wako akiwa wa kwanza."

"Najua."

"Na kumbuka, mbu si king'ora. Mtu anaweza kumsikia na kugeuka upande wa pili."

"Najua, mzee."

"Ngoja nifikirie," alisema, na akayageukia maboksi. Lakini hakuwaambia vijana waache kupakia. Boksi moja likanyanyuliwa, likawekwa kwenye toroli. Likafuata la pili.

*

Juu ya laini, kutoka mashine ya kupaka hadi meza ya kufungia, ilipita kamba ya njano. Yeyote angeweza kuivuta, hata mfagiaji, na kila kitu kingesimama. Sharti lilikuwa moja. Aliyeivuta alipanda kijukwaa cha mbao kando ya tanuri, akaeleza sababu yake mbele ya watu wote. Watu walivuta kwa sababu ya mdomo wa Kuku kuziba, au bati lililochafuka, wakapanda, wakatania kidogo, wakashuka. Leokadia hakuwahi kuivuta. Siku moja aliona bodi zilizopinda zikielekea kwenye tanuri, akamkimbilia Subilaga avute kwa niaba yake, na Subilaga alipofika jukwaani akatangaza, "Mimi ni mdomo tu, mwenye mwili ni yule pale!" Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Aliukumbuka uso wake ulivyowaka.

Sasa alisimama chini ya kamba, mikono ikiwa mifukoni. Angeweza kumwomba tena. Subilaga angekubali, angesema vizuri zaidi, angewachekesha.

Alitoa mkono mfukoni, akavuta.

Kuku aliacha kudonoa. Mkanda wa tanuri ukatulia. Katika kimya kile zilisikika feni tu, na mtu mmoja akiuliza, "Nani?"

Alipanda kijukwaa. Mbao zililia chini ya miguu yake. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakikufika hata kwa Subilaga aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale.

"Hatusikii huku nyuma!" mmoja wa wafungaji alipiga kelele. "Ongea kama umekula!"

Wengine wakacheka. Leokadia alishika ukingo wa kijukwaa.

"Kola zinazimika bila watu kujua!" alisema, na safari hii sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikapasuka katikati. "Mzee mmoja wa Mlimba amefariki, wajukuu zake wamelala kando yake. Kola za mwanzo zilikuwa na mbu. Mbu alikuwa anawaambia betri inaisha. Sisi ndio tuliomfunga kwa gundi."

Kicheko kilikoma.

"Sisemi tuongeze king'ora. King'ora si chetu, na kola yenye kipande ambacho haikukaguliwa nacho itakataliwa kwenye mgao. Nasema kitu kimoja tu. Gundi haimo kwenye mchoro." Alinyoosha kidole kwenye mlango, kwenye maneno ya bluu, na wote wakageuza vichwa. "Mteja hakuichora. Tuliiweka wenyewe. Naomba tuitoe."

Mwalongo alikuwa amefika, amesimama nyuma ya Kuku. Leokadia alimwona, lakini alikuwa bado hajamaliza. Alimpa Subilaga ishara. Subilaga akaishika juu ile bodi isiyo na gundi, akashusha umeme.

Mbu akaimba. Katika ukumbi uliosimama alisikika vizuri kabisa. Wasichana wa kufungia walikunja nyuso. Kijana wa tanuri alijikuna sikio.

Mwalongo aliwatazama watu wake mmoja mmoja. Akasogea mpaka kwa Subilaga, akachukua bodi, akaiweka sikioni. Akabadilisha sikio.

"Inaimba sasa hivi?" aliuliza.

"Inaimba, Injinia," Subilaga alisema taratibu, bila mzaha.

"Mimi sisikii." Aliirudisha kwa mikono miwili. "Malalamiko nilisoma. Hii sauti sijawahi kuisikia hata siku moja. Masikio yangu yalikwisha zamani." Akabaki amesimama, na kwa mara ya kwanza Leokadia alimwona kuwa mzee, wa umri wa kuvaa kola. "Kumbe hata mvaaji mwenyewe hawezi kuisikia."

"Wajukuu wataisikia," Leokadia alisema kutoka juu. "Yeyote kijana atakayelala chumba kimoja naye."

"Na treni?"

"Zipakiwe. Tutazifungua humo humo behewani, njiani. Gundi inatoka kwa kijiti. Na iliyotoka ijaribiwe. Ambayo haijaimba haishuki."

"Na mteja akinipigia?"

"Mwambie tumejenga alichochora."

Mtu alicheka, kicheko kifupi cha mshangao, na safari hii Leokadia hakujificha. Mwalongo alivua bangili yake ya waya, ile inayovaliwa mkononi ili umeme wa mwilini usiue bodi, akaitia mfukoni.

"Nataka watu wenye masikio," alisema. "Mimi nitafungua skrubu."

*

Walijifunga bangili zao kwenye nguzo ya chuma ya behewa, wote kwenye nguzo moja, kama ng'ombe wa mnada, Subilaga alisema. Maboksi yalikuwa viti na meza. Mwalongo alifungua kifuniko cha kola na kumpasia Subilaga, Subilaga akachokonoa gundi kwa kijiti cha mwanzi, akaipitisha, na mwisho wa mstari Leokadia alishusha umeme na kutega sikio. Magurudumu yalikuwa na kelele, ikambidi aweke kola karibu kabisa na shavu.

"Imeimba," alisema. Ikaenda upande wa kulia.

"Imeimba."

"Hii bado. Rudisha."

Treni iliingia kwenye mahandaki na kutoka, ikiteremka. Kwa muda mikono yao ilikuwa baridi na gundi ngumu, vijiti vikakatika. Kisha baridi ya Makambako ikabaki nyuma yao, hewa iliyoingia mlangoni ikawa nzito, na gundi ikaanza kulainika yenyewe, ikatoka nzima kama ganda la embe bivu.

"Angalau joto limetusaidia jambo moja," Subilaga alisema, akijifuta jasho kwa bega.

Simu ya Mwalongo ililia. Alitazama jina la aliyepiga, akapokea. Walisikia upande wake tu. Ndiyo. Ndiyo, tumeondoa. Hapana, hakuna kilichoongezwa. Tazama mchoro wako. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. Alipomaliza aliirudisha simu mfukoni na kuokota bisibisi.

"Amesemaje?" Leokadia aliuliza.

"Amesema tutazungumza." Alifungua skrubu, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa isipotee. "Lete nyingine."

Mlimba ilipotokea, si kola zote zilikuwa tayari. Yale maboksi ambayo hayakuguswa waliyavuta nyuma kabisa na kuyafunga kamba. Nje, mbingu ilikuwa imeanza kupauka. Watu wengi walisimama stesheni wakisubiri mgao, na wazee kadhaa walikuwa tayari wamevaa kola zao, nyeupe, safi, kimya.

Mwanamke wa sare ya uuguzi alisogea mlangoni, watoto wawili wakimfuata. "Ndiye wewe uliyenipigia?" aliuliza. "Hawa ndio wajukuu wenyewe. Nimewaleta, kama ulivyoomba ulipopiga tena ukiwa njiani."

Leokadia alitazama ule umati wa nyuso. Mwalongo alimgeukia, pengine kumuuliza kama angependa mtu mwingine aseme, lakini yeye alikuwa ameshaburuta boksi tupu hadi ukingoni mwa behewa na kulipanda.

"Hamjambo!" alisema. "Naitwa Leokadia, natoka kiwanda kinachounganisha kola. Bibi yangu ni wa Ifakara, ana kola kama hizo mlizovaa. Hizo mlizovaa zimenyamaza, na hazitakiwi kunyamaza. Leo hakuna atakayelala nayo kabla hatujaifungua. Kaeni kwenye mstari, tutazifungua zote."

Manung'uniko yalipita. Mzee mmoja alishika kola yake kwa mikono miwili. "Mnataka kuturudishia yule mbu?"

"Ndiyo, babu. Tunamrudisha."

Alishuka kwenye boksi, akapiga magoti mbele ya wale watoto wawili. Mkubwa alikuwa msichana, macho yake yamevimba, mkono wake umemshika mdogo wake kwa nguvu. Leokadia alishika kola katikati yao, akashusha umeme mpaka mwisho.

Mdogo aliinua mkono, akaupeleka sikioni kana kwamba anafukuza kitu. Msichana hakusogea. Alisikiliza mpaka pampu ikasimama.

"Mbu," alisema.

"Ukimsikia huyu usiku," Leokadia alimwambia, "usimpige. Mwamshe mtu."

Msichana akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanyoosha mkono, akaomba asikie tena.